Jinsi Nilivyomfuga Nguruwe Aliyekwisha Kufugwa

Katika miaka ya mwisho ya Wabelgiji pale Kolwezi, nilimwandikia Mzungu mmoja, kwa Kifaransa kilichonyooka na mwandiko wa kupendeza, kwamba nimemfuga nguruwe mwitu kwa kumpigia mluzi. Nguruwe mwenyewe alikuwa wa jirani yangu. Alikuwa na ndoo yake ya chakula, na siku ya kuliwa kwake ilikwisha kupangwa. Kambi nzima ya wafanyakazi wa mgodi ilijua, isipokuwa mimi na yule Mzungu, na kati yetu wawili Mzungu ana udhuru: yeye hakuishi ukuta kwa ukuta na mwenye nguruwe.

Kwanza nieleze nilivyofika kwenye matete, maana wanaonijua hawataamini kwamba nilitoka nje. Mimi ni mtu wa nyumbani. Wenzangu walizaliwa na miguu, mimi nilizaliwa na kiti. Nilipotoka shule ya mapadri, nikiwa na miaka michache ya sekondari kichwani, niliajiriwa ukarani kwenye ofisi ya kampuni iliyoshughulikia kila jambo la wafanyakazi lisilohusu shaba: madarasa ya ushonaji, sinema ya Jumamosi, mpira. Kazi ikiisha nilirudi, nikavua viatu, nikaketi barazani kwenye kiti changu cha kamba, na kuanzia hapo hata kambi jirani ya Musonoi, ambako mtu hufika kwa miguu kabla jasho halijamtoka, kwangu kulikuwa Ulaya. Mke wangu aliwaambia wageni, "Mukitaka kumutoa pale, mubebe na kiti yake."

Chini ya kambi kulikuwa na dambo, yaani bonde pana la majani na matete ambalo mvua ikianza hunywa maji kama sponji, likabaki limelewa mpaka Pasaka. Hakuna aliyejenga pale. Ng'ambo yake uliona moshi wa kiwanda na vilima vyekundu vya udongo uliochimbuliwa. Kampuni iliamua kwamba bonde lile lichimbwe mitaro, likaushwe, kisha pawekwe uwanja wa mpira wenye majukwaa, bwawa la kuogelea, na njia ya familia kutembea siku ya Jumapili. Ofisini tulishangilia. Vijana wa timu yetu walishangilia kuliko sisi, kwa sababu walikuwa wamechoka kwenda kufungwa Musonoi kwenye uwanja wa wenyewe na kurudi wakizomewa njia nzima.

Ila palikuwa na Mzungu mmoja wa idara ya bustani na miti, mrefu, mwembamba, anayetembea akiinua magoti juu kama ndege wa majini hata akiwa kwenye sakafu ya saruji. Alisimama mkutanoni akasema jambo ambalo ofisi ile haikuwahi kulisikia: kabla hatujawapa watu mahali pa kuchezea, tujue kwanza nani anaishi pale. Ndege gani, wanyama gani, wanalala wapi, wanazaa wakati gani. Alisema kwa Kifaransa kirefu, nami nikawatafsiria wenzangu kwa kifupi: "Anasema huwezi kupeleka ngoma sebuleni kwa mtu bila kupiga hodi." Mkurugenzi alitazama saa yake, akakubali, mradi kazi iishe kabla mvua hazijakatika.

Mzungu yule angeweza kuja siku za Ijumaa tu. Alihitaji karani wa kukaa kule asubuhi na jioni, akiandika kila anachokiona. Nani anakaa karibu na dambo? Vidole vyote vikanielekea mimi. Nani anajua ndege? Nikasema, "Mimi, Bwana." Ndege niliyemjua vizuri ni kuku, hasa paja. Lakini nilikuwa nimepiga hesabu ya kijinga: dirisha langu linatazama dambo, kwa hiyo nitafanya kazi nzima nikiwa barazani, miguu juu. Siku iliyofuata Mzungu akaniletea mabuti ya mpira.

Sitasahau asubuhi ile ya kwanza. Umande ulinilowesha mpaka kiunoni. Ruba mmoja alinipenda. Nilisimama katikati ya matete marefu kuliko mimi, nikisikia vitu vinavyoruka, vinavyotumbukia na vinavyokohoa, na kila kilichokohoa nilikiita chui. Niliogopa sana nikaanza kupiga mluzi, na kwa kuwa hofu haichagui, ulitoka wimbo mmoja wa kanisa ambao sisi Wakatoliki wote wa kambi tuliupiga mluzi tukitoka kazini. Nilipofika kwenye kiitikio, matete yakafunguka, akatokea nguruwe.

Mweusi, mnene, mwenye masikio ya kuning'inia. Alinitazama. Nilimtazama. Mimi nilikuwa nimekwisha kukabidhi roho yangu kwa Mungu, kumbe yeye alikuwa anatazama mfuko wangu wenye karanga. Nilimrushia, akala. Nilirudi nyuma hatua moja, akaja hatua moja. Nilipofika ukingoni mwa dambo nilikuwa nimeacha kuogopa, nimeanza kujivuna.

"Mama," nilimwambia mke wangu nikiwa bado nachuruzika maji mlangoni, "kuna nyama ya pori kule, na ananisikiliza mimi."

Mke wangu aligeukia jiko. Mabega yake yalikuwa yakitikisika. Nilidhani anakohoa moshi.

"Nyama gani?"

"Nguruwe mwitu. Jike."

"Ee Mungu," akasema kwa sauti nyembamba. "Na mapembe?"

"Nguruwe hana pembe, mama."

"Basi uandike vile. Uandike yote, baba, usisahau kitu."

Nikaandika. Ijumaa ile Mzungu alifika, akazikuta nyayo kwenye tope, akapiga magoti na kuzipima kwa rula yake. Akauliza kama mnyama huonekana mchana. Nikajibu ndiyo, mchana na jioni, tena mtulivu. Akasema ni ajabu, maana nguruwe mwitu hutoka gizani na hukimbia watu. Nikamwambia kwa unyenyekevu kwamba huenda ni mluzi wangu. Alinishika mkono kwa mikono yake miwili. Hakuna Mzungu aliyewahi kunishika mkono kwa miwili, na kuanzia siku ile mimi sikuwa mtu wa kurudishwa nyumbani.

Jambo la kuchekesha ni kwamba nilianza kulipenda dambo lenyewe. Nikimngojea nguruwe, macho yalikosa kazi, yakatazama vingine. Niliona minana wakifuma viota vyao kwenye vichwa vya matete, dume likimaliza kiota jike linakuja kukikagua, linakivuta, linakiharibu, dume linaanza upya bila kunung'unika. Nikawaza kwamba hawa wameoana kikristo. Nilimsikia tipitipi akitangaza mvua kama anamimina maji chupani. Niliona fisi maji wawili wakiteleza kwa matumbo kwenye ukingo wa tope, wakipanda tena, wakiteleza tena, na nikaelewa kwamba uwanja wa michezo tuliotaka kuujenga ulikuwapo tayari na una wateja. Na katikati kabisa, kwenye kidimbwi, palikuwa na korongo wenye taji za dhahabu, mume na mke, na vifaranga vyao viwili vya rangi ya vumbi. Wazee wale walicheza. Walirukaruka, wakainamiana, wakafungua mabawa, wakarushiana vijiti. Siku moja nilijikuta nami nimeinama. Mimi, mtu wa kiti.

Sasa nimlete jirani. Alikuwa mtu mzima kwangu, mzaliwa wa wazazi walioletwa kutoka Kasai kufanya kazi ya mgodi, naye akiendesha treni ndogo ya kubeba mawe ya shaba. Nilimwita yaya, yaani kaka mkubwa. Yeye aliniita mudogo. Binti yake wa kwanza alikuwa anaolewa Jumamosi baada ya Pasaka na kijana wa Lubudi, na Lubudi ni watu wa mashamba. Walipokuja kuleta posa walileta mbuzi, mahindi na maharage, wakaangalia meza ya jirani yangu, kisha baba wa kijana akasema, kwa upole ambao ni mbaya kuliko tusi, "Ninyi ba mgodi hamuna kosa. Mtu atafuga nini ndani ya hizi nyumba za sanduku? Mutatupokea na sardini, tutakula." Jirani alicheka pamoja nao. Wiki ile ile alikwenda Mutoshi, nje ya kambi, akarudi na mtoto wa nguruwe ndani ya gunia.

Lakini sheria ya usafi wa kambi ilikataza mnyama yeyote wa kufugwa: nguruwe, mbuzi, hata bata. Polisi wa kambi akimkuta, anamchukua. Ndiyo maana wenye akili walificha mifugo yao kwenye matete, na ndiyo maana hakuna aliyeniambia. Jirani alimzoesha nguruwe wake kwa mluzi. Kila jioni akitoka zamu alipita ukingoni akipiga wimbo wetu wa kanisa, nguruwe akaja kula machicha ya munkoyo, kile kinywaji cha mahindi ambacho mke wake alikipika kwa wingi. Kwaresima nzima sisi tulifunga. Katika kambi ile kiumbe kimoja tu kilikuwa kinanenepa.

Mpaka nilipoingia mimi. Nilikaa pale asubuhi, nilikaa pale jioni, na jirani na ndoo yake wakawa hawana njia. Nilimpa nguruwe karanga na maganda ya viazi, kisha nikamtembeza dambo zima nikichunguza njia zake. Akaanza kukonda.

Nikikumbuka jinsi walivyohangaika kunirudisha nyumbani, tumbo linauma kwa kucheka. Mke wa jirani alileta sombe, yaani kisamvu, yenye samaki mkavu, akasema niitwe haraka kabla haijapoa, nikaagiza niwekewe. Jirani mwenyewe aliazima redio akaiweka juu ya kiti changu.

"Mudogo, kiti yako inakulilia," akaniambia njiani. "Leo kuko muziki."

"Nitasikiliza Jumapili, yaya. Kazi."

Akatazama pembeni, akabadilisha mbinu. "Kule ndani kuko nyoka. Kubwa. Mi nilimuona na macho yangu."

"Kubwa namna gani?"

"Kama mguu ya mutu munene."

Nikamshukuru sana, nikaandika: nyoka mkubwa sana, kwa maelezo ya mkazi. Mzungu alifurahi mno akaniongezea saa za kukaa kule.

Siku zikasogea. Pasaka ikapita. Mzungu akaja na habari njema, nami nikaipokea kwa mikono miwili: Mkurugenzi amesoma karatasi zangu, na Ijumaa atakuja mwenyewe, pamoja na mpiga picha, kumwona nguruwe mwitu anayeitika mluzi. Kama ni kweli, dambo litaachwa kama lilivyo. Kama si kweli, Jumatatu wachimba mitaro wataingia.

Siku mbili kabla ya Ijumaa hiyo, jua likiwa bado juu, nilikuwa nimekaa juu ya kichuguu na nguruwe amelala karibu na mabuti yangu. Jirani akatokea kwenye matete na ndoo mkononi. Nikainua kidole.

"Yaya, usisogee," nikanong'ona. "Ni nyama ya pori. Anazoea mimi tu."

Jirani akaweka ndoo chini. Nguruwe aliinuka, akanipita kana kwamba mimi ni kisiki, akatumbukiza kichwa ndani ya ndoo mpaka masikio.

"Nyama ya pori," akasema jirani.

"Anapenda watu," nikasema. Moyo wa mtu haukubali haraka.

"Angalia sikio ya kushoto. Iko na alama?"

Ilikuwapo. Nilikuwa nimeiandika: jeraha la zamani, labda la chui.

"Ndo mi nilikata pale, na wembe. Nilimuleta mu gunia toka Mutoshi, angali kama kiatu yako."

Niliangalia kiatu changu. Kisha nikakumbuka mabega ya mke wangu pale jikoni, sombe, redio, na kila mtu wa kambi aliyeniuliza habari za nyama yangu akifunika mdomo. Nilianza kucheka, na kicheko hakikuwa na breki.

"Mbona hukuniambia, yaya?"

"We uko mutu wa ofisi. Ungeandika."

"Nimeandika."

"Umeandika nini?"

"Yote. Ijumaa Mkurugenzi anakuja kumwona. Na mtu wa picha."

Jirani akakaa chini, kwenye maji, na suruali yake ya kazi. Hakucheka. "Jumamosi bakwe banashuka ku treni," akasema. "Banakuja bengi. Mudogo, ile mubaba ya Lubudi atafungua kopo ya sardini mbele yangu, mu ndoa ya mutoto yangu."

Hapo kicheko kikanikauka. Nguruwe alipaswa kutoka dambo kabla ya Ijumaa, na njia pekee ya mtu na nguruwe kutoka pale ni kupita katikati ya kambi, mbele ya kibanda cha polisi. Kule Mutoshi jirani alikuwa na shemeji mwenye shamba, sheria ya kambi haimfikii. Pale angeweza kuchinjwa kwa amani. Jirani alijaribu kumwita kwa mluzi. Nguruwe alimtazama, akarudi kwangu. Nilikuwa nimemwimbia mara nyingi kuliko yeye.

Basi kesho yake, saa sita ya mchana, mimi ambaye sijawahi kwenda Mutoshi hata kwa lori nilitoka dambo na mabuti yangu, nikipiga mluzi wimbo wa kanisa, na nguruwe nyuma yangu, na jirani mbali nyuma ya nguruwe, akijifanya anatafuta kitu majanini. Wanawake walisimama milangoni wakishika viuno. Mke wangu alikuwa ameketi kwenye kiti changu. Alipunga mkono kama mtu anayeaga treni.

Polisi wa kambi akatoka kibandani akikaza mkanda.

"Karani. Ndo ile nyama ya Bwana?"

Mdomo wangu ulikuwa umekauka kwa mluzi. "Ndo hiyo."

"Inaenda wapi?"

"Inatembea. Tunachunguza njia zake."

Akamzunguka nguruwe mara moja, polepole. Nilijua amejua. Alikuwa na pua, na nguruwe yule alinuka munkoyo. Kisha akanyoosha mgongo, akapuliza filimbi, akawaambia watu wote wapishe njia, kazi ya Bwana inapita. Akatusindikiza mpaka mwisho wa nyumba, akapiga saluti. Sikujua kama saluti ilikuwa yangu au ya nguruwe. Ile njia ya vumbi ya kwenda Mutoshi niliimaliza nikiruka kama korongo, na jirani alinikamata bega, tukacheka mpaka nguruwe akatuacha, akatangulia.

Ijumaa ilifika na Mkurugenzi wake. Suruali nyeupe. Nilimwambia ukweli, au kipande chake kilichoweza kusimama chenyewe: "Amehama, Bwana." Mkurugenzi akamgeukia Mzungu wa bustani, akasema kwamba basi hapa hakuna kitu, ni majani na mbu. Yule Mzungu mrefu akainamisha kichwa. Hapo ulimi wangu ukanitangulia.

"Kuna korongo, Bwana. Twende pole pole, wana watoto."

Niliwaongoza, mimi, kwenye njia ninazozijua kwa nyayo. Korongo walikuwapo. Jua lilikuwa nyuma yao na taji zikawaka. Wakainamiana, wakaruka. Mpiga picha akapiga moja, Mkurugenzi akasema apigwe pamoja nao, akapiga hatua moja mbele upande ambao sikumwonyesha, akazama mpaka mapajani. Tulimvuta watatu. Buti lake moja lilibaki kule, na nadhani lipo mpaka leo. Korongo hawakuondoka; walisogea kidogo kutupisha.

Akijifuta tope kwa leso, alitamka kwamba mtu anayetaka kuchezesha mpira mahali hapa ni mwehu. Uwanja ukahamishiwa kwenye tuta kavu karibu na tangi la maji. Dambo likabaki na njia moja nyembamba ukingoni, nayo ilifungwa kila mwaka korongo walipotaga. Karatasi zangu ziliwekwa ofisini, na Mzungu alikuwa amefuta mstari wa nguruwe kwa kalamu yake mwenyewe bila kuniuliza kitu.

Alikuja arusini, kwa sababu jirani alimwalika. Alikula, akaongeza, akaniinamia akasema kwamba nyama ya nguruwe mwitu kwa kawaida huwa ngumu zaidi. Ng'ambo ya meza baba mkwe wa Lubudi alikuwa amelegeza mkanda wake, ana mfupa mkononi, akinyoosha sahani aongezewe.

Mimi nilikuwa na sahani mbele yangu na sikuweza kula. Mke wangu alinisukuma kwa kiwiko. Nilimega tonge la bukari, ule ugali wetu, nikalichovya kwenye mchuzi, nikakiona kile kipande cha sikio, machozi yakanitoka hadharani. Jirani, ambaye alikuwa akizunguka na sufuria akiwajazia wageni, alisimama mbele yangu, akaangalia sahani, akaniangalia mimi. "Mudogo," akasema, "we ndo ulimukondesha. Kula ama usikule, lakini usilie mu mboga ya bageni."